Mjadala: Alikimbia dola moja, akaitumikia nyingine. Tumpimeje Shirley Graham Du Bois?

MLETA MADA

Ndugu wachangiaji, naleta barazani swali ambalo watu hulizunguka kila jina la Du Bois linapotajwa, lakini ni wachache wanaoliuliza waziwazi. Mwandishi aliyeandamwa na serikali ya nchi yake, akahamia nchi nyingine na kupokewa kwa heshima, je, anawajibika kusema pale mwenyeji wake anapowatendea raia wengine mambo yale yale aliyoyakimbia yeye? Sipendi tulijadili kwa nadharia tupu. Naomba tulijadili kupitia maisha ya mtu mmoja, Shirley Graham Du Bois, mwandishi, mtunzi wa muziki na mwanaharakati Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1896 na kufariki Beijing tarehe 27 Machi 1977 akiwa raia wa Tanzania. Hilo la uraia wengi wetu hatukufundishwa shuleni, nalo linatosha kuufanya mjadala huu kuwa wetu pia.

Kwanza tumtendee haki. Hakuanza kujulikana kwa kuolewa na W. E. B. Du Bois, msomi na mtetezi mashuhuri wa haki za watu weusi. Mwaka 1932 opera yake, Tom-Tom, iliyosimulia safari ya watu weusi kutoka Afrika hadi Harlem, mtaa wa watu weusi New York, ilionyeshwa katika uwanja wa michezo wa Cleveland mbele ya maelfu ya watazamaji, ikiwa na mamia ya waigizaji na wanamuziki weusi, jambo ambalo hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa amelifanya Marekani kabla yake. Baadaye aliongoza tamthilia Chicago chini ya mradi wa serikali wa kuwasaidia wasanii wakati wa mdororo wa uchumi, akasoma sanaa ya maigizo Yale, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akafanya kazi katika kambi ya Fort Huachuca, Arizona, walikokuwa wakifunzwa askari weusi. Huko aliondolewa kazini kwa sababu ya kuwasemea askari hao walipoonewa. Mwaka 1944 alimpoteza mwanawe mkubwa, Robert, na aliamini kwamba ubaguzi katika matibabu ulichangia kifo hicho. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kufundishwa na Moscow ili aichukie hali ya nchi yake.

Wala mateso ya baadaye hayakuwa ya kubuni. Alipofunga ndoa na Du Bois mwezi Februari 1951, mzee huyo aliyekuwa akitimiza miaka 83 alikuwa ameshtakiwa kwa kutojisajili kama wakala wa nchi ya kigeni, eti kwa sababu aliongoza kituo kilichosambaza ombi la kupiga marufuku silaha za nyuklia. Shirley alizunguka nchi pamoja naye kukusanya fedha za utetezi, na Novemba mwaka huo jaji akaitupa kesi kwa kukosa ushahidi. Hata hivyo, Wizara ya Mambo ya Nje iliwanyima pasipoti kwa miaka kadhaa, kiasi kwamba Ghana ilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957 hawakuweza kuuitikia mwaliko wa Nkrumah. Njia ilifunguka mwaka 1958, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba waziri hakuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya itikadi yake. Desemba ya mwaka huo huo, kwa kuwa afya ya mumewe haikumruhusu kusafiri, Shirley ndiye aliyesimama mjini Accra mbele ya Mkutano wa Watu Wote wa Afrika, ambao mwenyekiti wake alikuwa Tom Mboya wa Kenya, akaisoma hotuba ya mumewe.

Mwaka 1961 wote wawili walihamia Ghana, mume akiwa amealikwa kuandaa ensaiklopidia ya Afrika. Alifariki huko tarehe 27 Agosti 1963, siku moja kabla ya maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi. Mjane angeweza kubaki akizitunza karatasi za marehemu na kupokea wageni, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikubali kuiandaa na kuiongoza Televisheni ya Ghana, ambayo Nkrumah aliizindua tarehe 31 Julai 1965. Hapo ndipo swali langu linapoanzia, kwa maana tangu siku hiyo hakuwa tena mgeni anayeishi kwa hisani, bali mtumishi mwandamizi wa dola.

Na tuangalie ilikuwa dola gani wakati huo. Sheria ya mwaka 1958 iliiruhusu serikali kumweka mtu kizuizini hadi miaka mitano bila kumfikisha mahakamani. Desemba 1963 Nkrumah alimfukuza Jaji Mkuu, Arku Korsah, baada ya mahakama kuwaachia huru baadhi ya washtakiwa wa uhaini. Januari 1964 kura ya maoni iliifanya Ghana kuwa nchi ya chama kimoja, kwa matokeo rasmi ya zaidi ya asilimia 99 za kura za ndiyo. Februari 1965 J. B. Danquah, mwanasheria na mmoja wa viongozi wa chama kilichomwalika Nkrumah arudi nyumbani mwaka 1947, alifia katika gereza la Nsawam bila kuhukumiwa. Televisheni ilipoanza kurusha matangazo, Danquah alikuwa na miezi isiyopungua mitano kaburini.

Sisemi kwamba Shirley alikuwa kibaraka. Neno hilo hutumiwa na watu wavivu wa kufikiri. Ninachosema kinahusu kalamu yake. Kuanzia mwaka 1944 aliandika mfululizo wa wasifu kwa ajili ya vijana: wa mwanasayansi George Washington Carver, wa mwimbaji Paul Robeson, wa Frederick Douglass aliyetoroka utumwa na kuupinga, wa mshairi Phillis Wheatley, wa Benjamin Banneker aliyejifunza falaki na kutunga kalenda za nyota. Aliandika kwa mkono wa mtunzi wa riwaya, akiwabunia wahusika mazungumzo na kuwatukuza bila haya, kwa sababu vitabu vya shule za Marekani vilikuwa vimewafuta au kuwadhalilisha. Kutukuza kulikuwa ndiyo dawa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba dawa ile ilifaa. Lakini Douglass na Wheatley hawakuwa na polisi wala magereza. Mbinu ile ile ilipoelekezwa kwa watawala, ilibadilika maana. Mwaka 1972 alitoa wasifu wa Gamal Abdel Nasser, aliyekuwa amefariki miaka miwili tu kabla, na mwaka 1975 akatoa New York wasifu wa Julius Nyerere, ambao kichwa chake kinamwita Mwalimu wa Afrika. Nyerere alikuwa bado Ikulu. Sheria yetu ya kuwaweka watu kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa bado inatumika, na Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto, baada ya tamko la Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri.

Kwa hiyo nauliza: je, mtu aliyekomaa katika kuwatetea wasio na sauti anaweza kusamehewa anapowapa sauti zaidi wale ambao tayari wana redio, jeshi na magazeti? Mimi naona hawezi kusamehewa kwa urahisi, na naona kwamba mateso yake ya Marekani yanaeleza uamuzi wake bila kuuhalalisha. Karibuni.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu mleta mada, nimeisoma hoja yako kwa makini na naomba kutofautiana nawe katika msingi wake. Unazungumza kana kwamba palikuwa na mahali nje ya dola zote ambapo mama huyu angeweza kusimama na kutoa hukumu kwa usawa. Mahali hapo hapakuwapo. Mwaka 1970, alipoalikwa na Chuo Kikuu cha Fisk mjini Nashville, chuo alichosoma marehemu mumewe, Wizara ya Sheria ya Marekani ilimkatalia viza kwa kigezo cha vyama alivyowahi kushiriki. Baada ya malalamiko mengi ndipo uamuzi ukabadilishwa. Tafakari maana yake: mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 anaomba ruhusa ya kwenda kutoa mihadhara katika nchi aliyozaliwa. Wala usidhani ilikuwa ajali ya afisa mmoja mkali, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 ilitoa nafasi hiyo makusudi, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu yenyewe ilibariki kunyimwa viza kwa Ernest Mandel, msomi wa Kimarx kutoka Ubelgiji, aliyekuwa amealikwa na vyuo vikuu.

Mtu asiye na nchi ya kurudi huchagua marafiki kwa kipimo tofauti na chetu sisi wenye vitambulisho vya taifa mfukoni. Pia usisahau kwamba mwaka 1965 maneno ya kuipinga serikali ya Nkrumah hayakuwa maneno tu. Nyaraka zilizotolewa baadaye na serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba maofisa wa Washington walikuwa wakizifahamu njama za kumpindua, na kwamba walifurahi alipoangushwa tarehe 24 Februari 1966 akiwa safarini Asia. Fikiria basi mkurugenzi wa televisheni, Mmarekani kwa kuzaliwa, mwandishi mwenye jina, atoke hadharani aseme Ghana imekuwa ya kidikteta. Maneno yake yangepokewa na nani, na yangetumiwa kufanya nini? Waliompindua Nkrumah walimweka Shirley katika kizuizi cha nyumbani, kisha akaondoka na hatimaye akaishi Cairo, alikokuwa mwanawe David akifanya kazi ya uandishi wa habari. Watu waliodai kuileta haki hawakumpa haki.

Kuhusu televisheni yenyewe, naona umeihukumu kwa kumtazama mwenye nyumba na kuyasahau yaliyomo ndani. Nkrumah alipoizindua alieleza kwamba lengo lake kuu ni elimu, si burudani za bei rahisi wala biashara ya matangazo, na Shirley alitaka iendeshwe na Waghana waliofunzwa kazi, ikionyesha vipindi vyao wenyewe badala ya kununua michezo ya kuigiza kutoka ng'ambo. Wakati huo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikifanya kinyume chake. Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni kabisa hadi mwaka 1994, Zanzibar ikiwa imetutangulia kwa takriban miaka 20, na sababu mojawapo ni kwamba Mwalimu aliiona kuwa anasa ya wachache wa mjini. Shirley aliamini inaweza kuwa darasa la wengi. Alipata chini ya miezi saba ya kulithibitisha hilo kabla ya vifaru kufika. Kumwita mtumishi wa propaganda kwa miezi saba ya majaribio ni kumpa hukumu kubwa kuliko ushahidi.

MCHANGIAJI WA TATU

Nawasalimu wote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe alilopewa Shirley lilikuwa chombo cha dola chenye nguvu kuliko gazeti lolote. Katika hilo nakubaliana na mleta mada. Ninachotaka kuongeza ni kwamba tunaye mtu wa kumlinganisha naye, tena katika mji ule ule wa Accra, jambo linalotuondolea haja ya kubahatisha nini kiliwezekana na nini hakikuwezekana.

Pauli Murray alikuwa wakili, mshairi na mwanaharakati Mmarekani mweusi, aliyewahi kukamatwa mwaka 1940 huko Virginia kwa kukataa kukaa katika viti vibovu vya nyuma ya basi, miaka 15 kabla ya mgomo wa mabasi wa Montgomery. Mwaka 1960 alikwenda Ghana kufundisha katika chuo cha sheria kilichokuwa kimeanzishwa karibuni. Alifundisha sheria ya katiba, yaani aliwafundisha vijana wa Ghana namna ya kuibana serikali kwa maandishi ya sheria, na pamoja na Leslie Rubin akaandika kitabu kuhusu katiba na serikali ya nchi hiyo kilichotoka mwaka 1961. Aliiona mapema hatari ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, na hakuifumbia macho kwa kuwa yeye ni mgeni mweusi katika nchi ya watu weusi. Mwaka huo huo wa 1961, ambao akina Du Bois waliingia Accra, Murray aliondoka.

Najua nitajibiwa kwamba Murray alikuwa na pa kurudi, na kweli alikwenda Yale kusomea shahada ya juu ya sheria. Lakini naye hakuwa kipenzi cha serikali yake. Mwaka 1952 Chuo Kikuu cha Cornell kilimnyima kazi kwa sababu waliomdhamini, miongoni mwao Eleanor Roosevelt na wakili wa haki za raia Thurgood Marshall, walionekana kuwa na siasa kali mno. Ukishatafakari kwamba Eleanor Roosevelt, mjane wa rais, alihesabiwa kuwa mtu wa hatari, utaelewa hali ya hewa ya miaka ile. Hata hivyo Murray alipofika Accra aliupima utawala wa Nkrumah kwa mizani ile ile aliyoitumia Virginia. Kwa hiyo hoja ya kwamba hapakuwa na mahali pa kusimama haisimami. Mahali palikuwapo, ila palikuwa na gharama, na watu wawili waliofanana kwa mengi walichagua kuilipa au kutoilipa.

MCHANGIAJI WA NNE

Nimefuatilia kwa utulivu, kaka zangu, na kuna jambo linanikera ambalo sitaliacha lipite. Kwa nini tunamfungulia kesi mke? W. E. B. Du Bois mwenyewe, Stalin alipofariki mwaka 1953, aliandika tanzia ya kumsifu kuwa mtu mkuu na jasiri. Mwaka 1959 yeye na Shirley walitembelea China, akasherehekea miaka 91 ya kuzaliwa mjini Beijing kwa hotuba ya kuwaelekeza Waafrika waitazame China, wakati ule ule ambapo sera za Mao za kulazimisha mashamba ya pamoja zilikuwa zikiwaingiza wakulima katika njaa iliyoua mamilioni. Mwaka 1963 akachukua uraia wa Ghana chini ya sheria zile zile za kizuizini mlizozitaja. Pamoja na hayo yote, taasisi za vyuo vikuu zimepewa jina lake, na Marekani iliyomnyima pasipoti ilimtolea stempu ya posta mwaka 1992. Wanaomwandika humalizia mambo haya kwa aya moja ya masikitiko, kisha wanarudi kwenye ukuu wake. Mkewe yeye hana ukuu wa kurudiwa, hivyo aya ya masikitiko inakuwa ndiyo maisha yake yote.

Angalieni hata utaratibu wa mjadala wetu. Opera ya mwaka 1932 imepewa sentensi moja, ilhali ni kazi ambayo kama ingetungwa na mwanamume mweupe ingechezwa kila mwaka, badala ya kulala kwenye makaratasi kwa miongo mingi. Jarida la Freedomways, ambalo alikuwa miongoni mwa waanzilishi na wahariri wake wa kwanza mwaka 1961, na ambalo liliwachapisha waandishi wa harakati za haki za raia kwa karibu robo karne, halijatajwa kabisa. Wala hakikutajwa chama cha wanawake weusi cha Sojourners for Truth and Justice alichoshiriki kukianzisha mwaka 1951, ambacho kiliwaita wanawake waliofiwa na kunyang'anywa waume na watoto na ubaguzi waende Washington kudai maelezo kwa serikali. Hicho kilikufa upesi kwa kuandamwa na polisi wa siri, na wanahistoria wakakisahau kwa muda mrefu.

Sisemi asiulizwe kuhusu Danquah. Nasema aulizwe kwa mizani ambayo wanaume wa wakati wake wamepimwa kwayo, na matokeo yatangazwe kwa sauti ile ile.

MCHANGIAJI WA TANO

Naomba nichangie kwa ufupi, kwa kuwa Ghana imezungumzwa sana na China, ambako ndiko alikofia, haijazungumzwa ipasavyo. Umoja wa waandishi wa Afrika na Asia ulipopasuka katika miaka ya 1960, upande mmoja ukiifuata Moscow na mwingine Beijing, Shirley alisimama na Beijing. Alifika China wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwasaka walioonekana kuupinga ujamaa wake, na kuyaunga mkono. Mapinduzi hayo yaliwaumiza waandishi wenzake kwanza kabisa. Lao She, mtunzi mkubwa wa riwaya na tamthilia wa Beijing, alipigwa na kudhalilishwa hadharani na vijana wa Walinzi Wekundu mwezi Agosti 1966, na muda mfupi baadaye maiti yake ikakutwa ziwani. Mwandishi mgeni aliyekuwa akipokewa na viongozi wa ngazi za juu hawezi kuambiwa hakuwa na njia ya kuuliza waandishi wenyeji wako wapi.

Lakini hapa pana jambo ambalo pande zote mbili zimelikosa. Uamuzi wa kuifuata Beijing ulimgharimu marafiki. Wakomunisti wenzake wa Marekani, wakiwamo wale wa Freedomways, walikuwa upande wa Moscow, na Shirley aliwapinga waziwazi. Hivyo hakuwa mtu anayeogopa kuikosoa dola kubwa ya kijamaa, wala hakukosa maneno ya kufanya hivyo. Aliikosoa Urusi ya Kisovieti, ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa imemtukuza mumewe kwa Tuzo ya Amani ya Lenin. Kwa hiyo kimya chake kuhusu Accra na Beijing hakikuwa kimya cha mgeni mwenye adabu. Kilikuwa uamuzi wa mtu aliyechagua upande, na tukimheshimu kweli tutaupokea kuwa uamuzi wake, badala ya kumtafutia visingizio vya umri, ujane na pasipoti.

MLETA MADA

Nawashukuru wote, na nitajibu kwa kuanzia na dada yetu, mchangiaji wa nne, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Nakubali kwamba mzee Du Bois apimwe kwa mizani hiyo hiyo, na tanzia ya Stalin isomwe mbele ya stempu ya posta. Lakini televisheni haikuwa ya mumewe. Aliijenga akiwa mjane, akasafiri nchi kadhaa kujifunza namna ya kuiendesha, akaajiri na kufundisha watu. Tukisema asiulizwe kuhusu kazi hiyo hadi kwanza mumewe aulizwe kuhusu ya kwake, tutakuwa tumemrudisha kuwa kivuli cha mume, jambo ambalo dada yetu analipinga, tena kwa haki.

Kwa mchangiaji wa pili, nakiri uzito wa viza ya mwaka 1970, na yeyote anayeandika kuhusu Shirley bila kuutaja uamuzi ule anaisafisha Marekani. Lakini nauliza jambo moja. Unasema maneno ya kuipinga Ghana yangetumiwa na maadui wa Ghana. Hoja hiyo ndiyo iliyotumiwa pia na serikali ya Marekani dhidi yake: kwamba kusema juu ya watu weusi kunyongwa kwa kundi la wazungu kulikuwa kuwasaidia Warusi. Shirley aliikataa hoja hiyo ilipotolewa na Washington. Sioni kwa nini tuikubali inapotolewa na Accra. Kama ukweli unapaswa kungoja hadi maadui wamalizike, basi Danquah na Willie McGee, mtu mweusi wa Mississippi aliyeuawa kwa kiti cha umeme mwaka 1951 huku wanaharakati kama Shirley wakipaza sauti, wote wawili wangeambiwa wasubiri.

Mchangiaji wa tano amenisaidia kuliko alivyokusudia. Ikiwa alichagua upande kwa macho makavu, basi tuna haki ya kubishana naye kama tunavyobishana na mwanasiasa yeyote.

Sasa nataka tushuke kwenye jambo la vitendo, maana mjadala usio na la kufanya huishia kwenye ufundi wa maneno. Wasifu wa Nyerere aliouandika Shirley ulitoka kwa Kiingereza kwa ajili ya vijana wa Marekani, naye mwenyewe alifariki akiwa raia mwenzetu. Wapo wanaoona utafsiriwe na kuwekwa katika maktaba za shule zetu kama heshima kwake. Mimi nakubali utafsiriwe, kwa sharti kwamba uwe na dibaji ndefu inayomweleza mwandishi ni nani, alitoka wapi, alimtumikia nani, na ni nini kilichokuwa kikitokea Dodoma, Kigoma na kwingineko wakati kitabu kinachapishwa: watu waliohamishwa kwa malori, nyumba zilizobomolewa ili wenye nyumba wasirudi. Kitabu cha sifa kisomwe kama kitabu cha sifa, na mwanafunzi apewe nyenzo za kukitambua.

MCHANGIAJI WA PILI

Kwa sharti hilo nitakuunga mkono, ndugu mleta mada, lakini nami nina langu. Dibaji hiyo isiishie kwenye makosa ya Waafrika na Wachina. Iseme pia kwamba vijana weusi wa Marekani walioandikiwa kitabu hicho walikuwa wakisoma katika shule ambazo hazikuwapa kiongozi hata mmoja wa Kiafrika wa kumheshimu. Iseme kwamba mwandishi wake alinyimwa pasipoti akiwa raia na viza alipokuwa si raia. Iseme kwamba wakati alipokuwa hana pa kwenda, Ghana, Misri, China na Tanzania zilimpa mlango, ziwe zilikuwa na sababu zake au la. Halafu mwanafunzi aachwe aamue kama mtu huyo alikuwa na deni la kusema, na kwa nani. Kuhusu ile aya ya Operesheni Vijiji, napendekeza iandikwe na mtu ambaye familia yake ilihamishwa, si na msomi wa Dar es Salaam aliyeisoma kwenye vitabu, mimi na wewe tukiwa wa kwanza kukatazwa.